Pumzi na Damu Wakati wa Mazoezi

Hotuba ya mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi kambini, iliyotolewa kwa wazazi, vijana na wafanyakazi wa mashirika katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imeniomba niseme machache juu ya mazoezi ya mwili, kwa kuwa leo vijana wetu wamekimbia na kucheza mpira mbele ya macho yetu. Nimechagua kuzungumzia kazi ambayo macho hayakuiona pale uwanjani, yaani kazi ya mapafu, moyo na damu ndani ya kila mchezaji. Nawaomba msiichukue kuwa ni somo la darasani tu. Lipo jambo ambalo ningependa tukubaliane kabla jua kali la Februari halijarudi. Nitalitaja mwishoni, baada ya kueleza sababu zake.

Kwa ufupi, sababu ni hii. Mwili una pampu moja tu, nayo ni moyo. Una damu ya kiasi maalumu, wala hauna ghala la kuchota nyingine. Kazi yoyote inayoongezwa, iwe ni kukimbia, kubeba maji, kupambana na joto au kupambana na homa, hulipwa kutokana na damu hiyo hiyo. Mambo mengine yote nitakayosema leo yanatokana na hilo.

Wakimbiaji watano wa Kakuma

Nianze na ndugu zetu ambao wengi wenu mmewasikia. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro nchini Brazil, ilishiriki kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi. Wanamichezo wake walikuwa 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka katika nchi hii ya Sudan Kusini na kuishi katika kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya. Majina yao ni Rose Nathike Lokonyen na Yiech Pur Biel, waliokimbia mita 800. Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro, waliokimbia mita 1,500. Na James Nyang Chiengjiek, aliyekimbia mita 400. Rose ndiye aliyebeba bendera ya timu siku ya ufunguzi.

Kiongozi wa msafara alikuwa Tegla Loroupe wa Kenya, ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York. Taasisi yake ndiyo iliyowachagua kwa majaribio kule kambini na kuwafundisha huko Ngong, karibu na Nairobi.

Hakuna hata mmoja wa hao watano aliyevuka raundi ya kwanza. Yiech alimaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 54.67. David Rudisha wa Kenya, aliyeshinda fainali, alitumia dakika 1 na sekunde 42.15. Tofauti ni sekunde 12 na nusu. Je, sekunde hizo zilipotelea wapi? Si kwa kukosa ushujaa, maana kijana aliyepitia aliyoyapitia Yiech hahitaji kufundishwa ushujaa na mtu. Wenzao walikuwa wamejenga miili yao kwa mazoezi ya miaka mingi, na wakimbiaji wetu walikuwa wamepata mafunzo ya kweli kwa muda usiofika mwaka mmoja. Moyo, damu na misuli ya mkimbiaji hujengwa polepole, wala havijengwi kwa amri. Nitaeleza jinsi vinavyojengwa.

Tujipime sote

Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wake upande wa kidole gumba. Bonyeza kidogo. Utausikia mshipa ukidunda. Hesabu kwa sekunde 15, kisha uzidishe mara nne.

Watu wazima wengi waliokaa kwa utulivu watapata kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika. Watoto wadogo watapata zaidi, na hiyo ni kawaida yao. Wale vijana waliotoka kukimbia sasa hivi bado wako juu. Angalieni pia vifua vyenu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini katika mbio kali hufika mara 40 au zaidi. Pumzi na mapigo hupanda pamoja na hushuka pamoja, kwa sababu ni watumishi wa kazi moja.

Njia ya hewa

Kazi yenyewe ni hii. Msuli hauwezi kuvuta, kusukuma wala kurusha bila nguvu. Nguvu hiyo hutoka katika chakula tulichokula: ugali, mtama, maharage, mafuta. Lakini chakula ndani ya msuli ni kama kuni jikoni. Kuni bila hewa hazitawaka vizuri. Msuli nao huhitaji oksijeni ili kukitumia chakula sawasawa, na kama vile moto unavyotoa moshi, msuli nao hutoa taka, nayo ni hewa ya kabonidayoksaidi. Kwa hiyo oksijeni lazima ifikishwe, na kabonidayoksaidi lazima iondolewe, kila dakika, mchana na usiku.

Tunapovuta pumzi, diaframu, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka, na mbavu huinuka. Kifua hupanuka na hewa huingia. Hupitia puani, ambako husafishwa na kulainishwa, hushuka katika bomba la hewa, na kugawanyika katika matawi madogo zaidi na zaidi mpaka ifike katika vifuko vya hewa. Vifuko hivi ni vidogo mno, na idadi yake ni mamia ya mamilioni. Lau vingetandazwa chini, vingefunika eneo la mita za mraba 70 hivi, karibu nusu ya uwanja wetu wa voliboli. Kuta zake ni nyembamba sana, na nje yake zimezungukwa na mishipa midogo ya damu iliyo myembamba kupita unywele. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia katika damu, na kabonidayoksaidi inapovuka kutoka.

Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ile tunayoitoa bado ina asilimia 16 hivi. Ndiyo maana mtu akipulizia mgonjwa aliyezimia pumzi, ile pumzi bado inafaa.

Tukiwa tumekaa, hewa inayoingia na kutoka ni lita sita hadi nane kwa dakika. Katika mbio kali, kijana mwenye afya huweza kupitisha lita 100 na zaidi kwa dakika. Ni nani anayeamuru ongezeko hilo? Wengi hudhani tunahema kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa kweli, ubongo husikiliza zaidi kabonidayoksaidi. Ikizidi kidogo tu katika damu, ubongo huamuru kifua kiongeze kasi. Hivyo kuhema si aibu wala si udhaifu. Ni mwili unatoa moshi jikoni.

Pampu na mzunguko wake

Sasa tuje kwenye moyo. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, nao una vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu. Upande wa kushoto hupokea damu iliyopata oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Ni pampu mbili zilizoshonwa pamoja, zinazopiga kwa wakati mmoja.

Mto huu unaopita Juba huenda hadi Misri, na ni huko Kairo, katika karne ya 13, ambako tabibu Ibn al-Nafis aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita katika mapafu, kisha huingia upande wa kushoto. Mwaka 1628, William Harvey wa Uingereza alichapisha kitabu kuonyesha kwamba damu ya mwili mzima huzunguka. Hoja yake moja ilikuwa ya hesabu tu, ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Tuifanye pamoja.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma mililita 70 hivi kwa pigo moja. Ukipiga mara 70 kwa dakika, 70 mara 70 ni mililita 4,900, yaani karibu lita tano. Sote hapa tunalijua dumu la lita 20. Moyo uliotulia ungelijaza kwa dakika nne. Kijana mwenye afya akikimbia kwa bidii, moyo wake husukuma lita 20 kwa dakika, nao ungelijaza dumu lile kwa dakika moja. Na damu yote aliyo nayo mtu mzima ni lita tano tu, robo ya dumu. Maana yake ni kwamba mkimbiaji huizungusha damu yake yote kila sekunde 15. Kiasi hakikuongezeka. Kilichoongezeka ni mwendo.

Mtoto wa kilo 30 ana damu ya lita mbili na kitu. Naomba mkikumbuke kiasi hicho. Nitakirudia.

Jinsi damu inavyogawanywa

Damu haigawiwi sawasawa. Mwili una hekima kama ya mama mwenye nyumba ambaye unga umebaki kidogo na wageni wamefika. Tukiwa tumepumzika, misuli hupata karibu lita moja tu kati ya zile tano za kila dakika. Sehemu kubwa huenda kwenye utumbo, ini, figo na ubongo. Mbio zikianza, mishipa inayopeleka damu tumboni na kwenye figo hujibana, na ile ya misuli hufunguka. Katika mbio kali, misuli huchukua zaidi ya robo tatu ya damu yote inayosukumwa. Ubongo hauguswi, hupata fungu lake kama kawaida.

Ndiyo sababu mtu akila akashiba, kisha akakimbia, tumbo humuuma au hutapika. Tumbo na miguu vinadai damu ile ile kwa wakati mmoja. Chakula kizito kiliwe saa mbili au tatu kabla ya mchezo.

Kuna kazi nyingine inayofanywa na miguu yenyewe. Damu iliyo chini lazima ipande kurudi moyoni. Misuli ya miguu inapojikaza huikamua mishipa na kuisukuma damu juu, na ndani ya mishipa hiyo mna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Mkimbiaji akimaliza mbio na kusimama ghafula, mkamuo huo husimama, damu hubaki miguuni, ubongo hupungukiwa, naye huona kizunguzungu au huanguka. Ni vizuri atembee polepole dakika tano au kumi kabla ya kukaa. Na aliyezimia namna hiyo alazwe chali kivulini, miguu iinuliwe juu kidogo, watu wasimzonge.

Mbio fupi na mbio ndefu

Vijana wameniuliza kwa nini mbio za mita 100 humaliza pumzi baada ya mbio, wakati mbio ndefu humaliza pumzi njiani. Jibu ni kwamba misuli ina akiba ndogo ya nguvu inayoweza kutumiwa bila kungoja oksijeni. Inatosha kwa sekunde chache za kasi kubwa. Ikiisha, misuli huweza kuendelea kidogo kwa kuchoma sukari bila oksijeni ya kutosha. Njia hiyo ni ya haraka lakini haidumu, na miguu huwa mizito kama magogo. Yeyote aliyekimbia mita 400 kwa nguvu zote anaijua hali hiyo. Baada ya hapo mkimbiaji huendelea kuhema kwa dakika kadhaa, kama mtu anayelipa deni dukani. Katika mita 1,500 na zaidi, nguvu nyingi hutoka kwa njia ya oksijeni, na hapo mshindi ni yule mwenye moyo mkubwa, damu nzuri na misuli iliyozoea.

Mazoezi hujenga nini? Mapafu yenyewe hayabadiliki sana. Moyo ndio unaobadilika. Vyumba vyake hupanuka na kuta zake hupata nguvu, hata pigo moja likatoa damu nyingi zaidi. Ndiyo maana mwanariadha aliyezoea akiwa amekaa anaweza kuwa na mapigo 50 au chini ya hapo kwa dakika, naye hana ugonjwa wowote. Damu nayo huongezeka kiasi, na ndani ya misuli huota mishipa midogo mingi zaidi. Kuishi mahali palipoinuka pia husaidia. Mji wa Iten nchini Kenya uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juba iko mita 550 tu. Kule juu hewa ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Lakini hata hapa bondeni, mtu anayetembea kwa haraka au kukimbia polepole nusu saa, siku tano kwa juma, moyo wake utapata faida.

Tusisahau kwamba mazoezi kambini hayako uwanjani peke yake. Mama anayebeba dumu la lita 20 kutoka bombani hubeba kilo 20. Anayetwanga, anayekata kuni, anayelima, wote moyo wao unafanya kazi ile ile ya mkimbiaji. Mama mjamzito ameongezewa mzigo hata kabla ya kuliinua dumu, kwa kuwa moyo wake tayari unasukuma damu kwa ajili ya wawili.

Vitu vinavyoiba damu na pumzi

Oksijeni haielei ovyo katika damu. Hubebwa na chembe nyekundu, ndani yake mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho hutengenezwa kwa madini ya chuma. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kisha mwili hutengeneza nyingine. Chembe zikipungua, hata moyo ukipiga kwa nguvu namna gani, gari linafika lakini mzigo haumo.

Hapa petu wezi wa chembe nyekundu tunawajua. Wa kwanza ni malaria, ambayo vijidudu vyake huingia ndani ya chembe hizo na kuzipasua. Wa pili ni minyoo ya safura, inayonyonya damu utumbomoni na kuingia mwilini kupitia nyayo zisizo na viatu. Wa tatu ni chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Wasichana waliovunja ungo na wanawake huzidiwa zaidi, maana hupoteza damu kila mwezi. Wako pia watoto waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao chembe zao hujikunja na kuziba mishipa. Kwao kukimbia kwa kasi, kukosa maji au joto kali kunaweza kuleta maumivu makubwa na hatari ya maisha.

Moshi nao ni mwizi. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huweza kulala asiamke. Sigara na shisha zina hewa hiyo hiyo. Mchezaji anayevuta sigara kabla ya mechi anaingia uwanjani akiwa ametoa baadhi ya wachezaji wake nje.

Kwa hiyo mwalimu akimwona mtoto anayechoka upesi, viganja na ndani ya kope ni vyeupe, na moyo wake unakwenda mbio hali amekaa, asimwite mvivu. Ampeleke zahanati.

Joto la Juba

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Msuli ukitumia sehemu nne za nguvu, sehemu moja tu hivi hugeuka kuwa mwendo. Tatu hugeuka kuwa joto. Joto hilo lazima litoke. Damu hulibeba kutoka misulini mpaka kwenye ngozi, na hapo jasho likikauka hulichukua. Lakini damu iliyokwenda kwenye ngozi haimo tena kwenye misuli. Na jasho lenyewe ni maji yaliyotoka katika damu. Mtu mzima anayefanya kazi ngumu katika joto anaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Damu ikipungua maji, moyo hupata kidogo cha kusukuma kwa kila pigo, nao hujaribu kufidia kwa kupiga haraka zaidi. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, njia ya kupoa iliyobaki ni jasho peke yake.

Sasa kumbukeni yule mtoto wa kilo 30 mwenye lita mbili na kitu za damu. Mchukueni saa saba mchana mwezi Machi. Ametoka kwenye malaria wiki iliyopita, hakunywa chai asubuhi, na maji ya kunywa hayapo karibu. Mwambieni akimbie mizunguko mitano kwa kuchelewa kufika. Misuli inadai, ngozi inadai, na chembe zimepungua. Pampu moja itawalipa wangapi?

Haya si ya kufikirika. Mwezi Machi 2024, serikali ilifunga shule zote za Sudan Kusini kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Mwezi Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili, na Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alieleza kwamba hapa Juba wanafunzi wapatao 12 kwa wastani walikuwa wakizimia kila siku. Hao walikuwa wanafunzi wa shule. 

Dalili zake tuzijue: kukakamaa kwa misuli, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu. Hapo mtu asimamishe kazi, akae kivulini, anywe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba kama mlevi, akipata degedege au akizimia, mwili ukiwa moto sana, hicho ni kiharusi cha joto, nacho huua. Asingojewe. Avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe kwa nguvu, na wakati huo huo mtu akimbie kuita zahanati. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, kwa maana kitaingia katika njia ya hewa.

Ninayoyaomba

Bwana Mwenyekiti, sasa mvua zinanyesha na hewa imepoa. Huu ndio wakati wa kupanga, si Februari. Kwa heshima naleta mbele ya Kamati na mashirika maombi matano.

Kwanza, kuanzia Februari hadi Aprili, michezo yote na vipindi vya mazoezi shuleni viwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Siku za joto kali zaidi visiwepo kabisa.

Pili, adhabu ya kukimbia, kupiga magoti au kusimama juani ikome katika shule zetu. Walimu wenzangu, nidhamu ina njia nyingi, na adhabu hiyo hatuwezi kujua mapema itaishia wapi.

Tatu, pasiwepo mchezo bila maji safi ya kunywa na kivuli. Dumu moja, vikombe na turubai si gharama kubwa. Mtoto anywe kila anapoona kiu, bila kuomba ruhusa. Asilazimishwe pia kunywa kupita kiasi, maana maji mengi mno kwa mara moja nayo hudhuru.

Nne, mtoto aliyeugua malaria asirudishwe kwenye mbio mpaka zahanati iseme. Wazazi wa watoto wenye selimundu, pumu au ugonjwa wa moyo wamweleze mwalimu kwa siri, naye aandike, atunze siri hiyo, na awape watoto hao kazi nyepesi, kama kuhesabu muda na kuamua mchezo, wasijione wametengwa.

Tano, mabomba ya maji yafunguliwe mapema alfajiri katika miezi ya joto, ili akina mama na wasichana wasibebe madumu katika jua la saa sita. Foleni ndefu ya adhuhuri ni mazoezi ambayo hakuna aliyeyachagua.

Watu wengine wataniambia: mwalimu, sisi tumepita porini kwa miguu siku nyingi, bila maji wala chakula, na tumefika. Ni kweli, tumefika. Lakini njiani tuliwaacha wengine, na kila aliye hapa anawajua wake. Kule hatukuwa na hiari. Hapa, katika jambo hili, tunayo.

Wala nisieleweke kwamba nawatisha watoto wasicheze. Wacheze kila siku. Perina Lokure Nakang, msichana wa Sudan Kusini aliyeishi Kakuma, alikimbia mita 800 katika timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, miaka minane baada ya wale watano. Huenda miongoni mwa waliokimbia leo yumo mwingine. Sisi wakubwa tumtunzie moyo wake, damu yake na pumzi yake. Mbio atazikimbia mwenyewe.